Kamera Yangu Imevaa Miwani

Jumamosi, 2 Novemba 1957

Iandikwe na ijulikane, kuanzia bandarini hadi Makorora ya mwisho: leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na paka mmoja, kamera ya Fundi Uweso imevishwa miwani.

Ni kioo cha kinga. Cheupe kama maji, hakina rangi yoyote, kina ukingo wa shaba, kinazungushwa mbele ya lenzi kama kifuniko cha chupa. Nimekitoa dukani kwa Akberali. Ana maneno yule! Eti lenzi ni jicho na kioo hiki ni kope. Hewa ya bahari ina chumvi, vuli inakuja na unyevu wake, vumbi la Makorora halina haya. "Fundi, kioo kikikwaruzika utanunua kingine. Lenzi ikikwaruzika utalia." Nikajiona nalia. Nikanunua.

Mashahidi: Sadalla fundi saa, jirani yangu, aliyeguna tu. Na mke wangu Asmahani. Yeye kasema kamera inayoona vizuri imenunuliwa miwani, na mwenye kamera anasoma gazeti kwa kulisogeza mpaka kwa jirani. Macho yangu hayana kasoro. Mikono tu ndiyo imekuwa mifupi.

Jumapili, 3 Novemba

Mguno wa Sadalla umepata maneno. Kaja barazani na kikombe cha kahawa — kahawa yangu — kutangaza kwamba nimefanya upuuzi. Lenzi safi ya Kijerumani, halafu mtu anaiwekea dirisha mbele! "Kioo kimoja kina pande mbili, Fundi. Umejiongezea pande mbili za kuchafuka."

Nikamwambia mbona saa zake zote zina vioo. Kasema naam, na kila kioo yeye hukifuta nje na ndani, tena akiwa na kioo chake cha jichoni. "Wewe unafuta kwa kubahatisha." Wabondei wana kiburi, jamani! Nikamwambia kahawa imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Jumatano, 6 Novemba

Kazi! Mwanasiti wa mtaa wa pili anamwoza binti yake. Bwana harusi kazi yake iko Lindi. Jumapili wanapanda meli, na Mungu ajuaye watarudi lini. Jumamosi bibi harusi anatolewa mbele ya wanawake. Mimi na masharubu yangu hatuna njia ya kuingia. Basi ni kama siku zote: mimi naitayarisha kamera, Asmahani anaingia nayo, anafyatua. Tanga nzima inajua. Mhuri ulio nyuma ya picha una jina langu peke yangu. (Asmahani aliwahi kuuliza. Nilimwambia mhuri ni mdogo.)

Safari hii kuna jambo zito. Bibi Mwanamkasi, mama yake Mwanasiti, kashuka kutoka Maramba. Hajapigwa picha tangu azaliwe. Hataki uso wake uzurure mikononi mwa wanaume. Lakini mjukuu kalia: anakwenda mbali, anataka sura ya bibi yake sandukuni. Bibi kakubali. Moja tu, wakae pamoja, apige mwanamke. Kisha kauliza: na huyo mumeo anayeziosha, je?

Asmahani: "Bibi, anaziosha gizani. Haoni kitu."

Bibi: "Gizani ni sawa. Nasikia hata juani haoni."

Mji huu una midomo!

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemfundisha Asmahani upya, kazi anayoijua kuliko mimi. Uzi wenye fundo: ncha kwenye kamera, fundo puani kwa anayepigwa — huo ndio umbali. Dirisha liwe ubavuni. Na kioo kisiguswe! Hata mvua inyeshe chumbani. Kasema "Sawa, Baba Miraji" kwa ile sauti yake isiyokuwa na sawa ndani.

Mchana wali wa nazi na changu wa kupaka. Nimekula mpaka nikaona haya. Baada ya chakula nikakifungua kioo mwenyewe, nikapuliza, nikafuta, nikakirudisha. Kinang'aa! Kovu la dole gumba, pale nilipojikata na wembe wa kukatia karatasi, bado linawasha likiguswa na pilipili.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshinda nje na wanaume, nakunywa sharubati na kusikiliza vigelegele. Kila kigelegele najiambia: hapo kafyatua. Hapo tena.

Asmahani katoka ananuka udi na marashi, jasho linamtiririka. Kasema yote yamekwenda vizuri, ila jambo moja. Bibi Mwanamkasi alipoketishwa karibu na mjukuu wake akaona kamera inamtazama. Akauliza: kila aliyeingia humu kanyunyiziwa marashi, mgeni huyu mbona kasahauliwa? Akachukua mrashi akaimiminia kamera usoni. Mara tatu! Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Nikakifuta kioo kwa kitambaa safi, nikampiga."

"Nilisema kisiguswe!"

"Ulitaka nimpige bibi wa watu akiwa ndani ya maji?"

Lakini moyoni nimefurahi. Kioo kimeiokoa lenzi! Nikatoka mbio mpaka kwa Sadalla kumpa habari. Sadalla hakuinua kichwa kwenye saa yake. Kasema tungoje picha.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeosha. Kumi na mbili. Zote ukungu.

Bibi harusi kama anayechungulia kutoka kwenye mvuke wa chungu. Bibi Mwanamkasi: ushungi unaonekana kidogo, mikono inaonekana kidogo, na mahali pa uso pana wingu.

Meli imeondoka saa tisa.

Jumatatu, 11 Novemba

Ni marashi. Hakuna jingine. Nimelisema hilo barazani, nimelisema kwa Akberali, nimelisema nje ya msikiti baada ya adhuhuri, na nimemwambia mtu mmoja aliyekuja kuuliza njia ya stesheni. Wanawake na marashi yao! Mke wangu badala ya kufuta kapaka! Watu wamecheka. Nami nimecheka, vizuri sana.

Asmahani kasema mara moja tu kwamba alikifuta mpaka kikakauka, na kabla ya kufyatua alikitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia jicho la fundi na jicho la mtu mwingine ni mbalimbali. Chakula cha mchana kimekuja muhogo wa kuchemsha, peke yake, hauna hata chumvi. Ujumbe umefika.

Jumanne, 12 Novemba

Asubuhi nimempelekea Sadalla kioo ili athibitishe kwamba ni marashi. Nilitaka shahidi. Kaweka kile kioo chake cha jichoni, kageuza kioo changu huku na huku.

"Kwa nje ni safi," kasema. "Aliyefuta hapa anajua kufuta."

"Haya?"

"Kwa ndani kuna alama ya dole. Dole gumba, kubwa, la mafuta. Limekalia katikati kabisa, limeburutwa kidogo." Kageuza tena. "Lina mstari umekatiza. Kama kovu."

Nikautia mkono wa kulia mfukoni.

Sadalla kanitazama, jicho moja likiwa kubwa kama la bundi. "Fundi, mkeo ana kovu la dole gumba?"

Nikasema sijui. Mwanamke niliyekaa naye miaka ishirini na mbili! Nikachukua kioo changu nikatoka, na salamu nikaisahau.

Basi niandike lilivyokuwa kweli, maana humu hakuna wa kumchekesha. Alhamisi nilikula kwa mkono, nikanawa kwa haraka, tui la nazi bado limo vidoleni. Nikakifungua kioo, nikakishika kwa dole gumba upande wa ndani, nikafuta upande wa nje. Nikakitazama, nikaona kinang'aa, kwa sababu mimi kila kitu kilicho karibu nakiona kinang'aa. Nikakifunga na uchafu wangu ndani, pale ambapo Asmahani hakuweza kuufikia, tena nilikuwa nimemkataza hata kugusa. Marashi yalianguka nje, akayafuta. Lenzi ilikuwa nzima. Kioo kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya uso wa yule bibi. Na kwa siku mbili nimemtembeza mke wangu mtaani kama kichekesho.

Sasa ni saa kumi. Niko stoo. Bibi Mwanamkasi na Mwanasiti wako ukumbini, wamekuja kuchukua picha. Kesho bibi anarudi Maramba. Nasikia kila neno. Asmahani kawaambia imeharibika. Mwanasiti kalia. Kisha Asmahani kasema, kwa sauti ya chini:

"Ni mkono wangu, bibi. Nilifuta vibaya. Nisameheni."

Halafu bibi:

"Mkono wako? Mwanangu, mimi nilikuwa nakutazama. Ulikifuta kama mtu anayemfuta mtoto uso. Mwite mumeo."

"Baba Miraji! Bibi anakuita."

Nimeitika. Nimesema nakuja, kuna kazi naimalizia. Kazi yenyewe ni hii ninayoiandika.

Kioo kiko mezani mbele yangu, dole limo, na nikiweka langu juu yake linaingia sawasawa, kovu juu ya kovu. Karibu yake kuna kitambaa safi. Pumzi moja, kufuta mara moja, na habari inabaki kwa Sadalla peke yake, ambaye hana hakika.

Wananiita mara ya pili. Bibi kauliza kama na huku nako ni gizani.

Bado sijakifuta.