Safu ya Nne kwenye Daftari la Fundi

Baba,

Shikamoo. Mvua za Itumba zimeshachanganya, na mlango wa ofisi ya kanisa, ule wa mwisho uliotengeneza kabla ya kuugua, unafunga vizuri. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Karakana anaishika baba Tumaini, mwenzako wa miaka yote, na randa zako hajaziuza ingawa baba mdogo alizimezea mate. Mimi nimeajiriwa. Nafundisha fizikia sekondari, kule Tunduma, na wanafunzi wanasimama nikiingia darasani. Ungeona, ungetembea kifua mbele mpaka Isongole.

Ila siandiki kwa ajili ya habari hizo. Uliniuliza swali, nikakujibu vibaya, ukaondoka kabla sijarekebisha.

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuoni. Ulikuwa unapiga randa ubao wa paina, ukaniuliza tunafundishwa nini huko. Nikasema, kipimo cha nne. Ukasimamisha mkono. "Mimi nina urefu, upana na unene. Hicho cha nne kiko wapi, mwanangu?" Nami, na usomi wangu wa miezi kumi na mitano, nikakuambia, "Baba, hicho si cha mbao. Huwezi kukielewa."

Ukasema, "Haya." Ukaendelea na randa.

Sikujua kwamba ulikwenda kunitangaza kila mahali. Baba Tumaini aliniambia tulipomaliza matanga. Mafundi wenzako walikuwa wanakucheka: "Fundi, kitanda changu nipimie na cha nne." Nawe unawajibu bila kuinua macho, "Kipo. Binti yangu amekiona. Nyie endeleeni na vitatu vyenu." Ulinitetea kwa kitu ambacho nilikataa kukueleza.

Kisha akanipa daftari lako la oda. Kurasa za mwanzo zina safu tatu, urefu, upana, unene, kwa mwandiko wako wa penseli. Kuanzia likizo ile zina safu nne. Ya nne umeipigia mstari kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, na ndani yake hakuna kitu. Uliiacha wazi, ukingoja nije nikuambie kinachoandikwa humo. Baba, nililia mpaka baba Tumaini akatoka nje.

Basi nisikilize sasa. Mtu akitaka tukutane Tunduma ataniambia barabara, umbali kutoka kona, na ghorofa. Vitatu hivyo. Asiponitajia saa, tutapishana. Cha nne ni wakati, Baba. Wataalamu wanauhesabu pamoja na vile vitatu kwa sababu waligundua havitengani: kitu kikienda kasi kupita kiasi, urefu wake na saa yake vinabadilika kwa pamoja. Wanahisabati wana cha nne kingine pia, upande ambao kidole hakiwezi kuuonyesha, lakini hicho hata mimi bado kinanitoa jasho.

Kwa hiyo mlango hauishii kwenye urefu, upana na unene. Una pia tangu lini mpaka lini. Huu tunaouona leo ni kama ubao mmoja uliopasuliwa kwenye gogo. Gogo lenyewe ni mlango wa jana, wa leo na wa mwaka kesho.

Na wewe hilo ulilijua. Oda ya Oktoba, mbao zikiwa kavu, ulikuwa unachomeka kipande cha boksi la sabuni kati ya mlango na fremu, ndipo unafunga bawaba. Wateja walilalamika kwamba umeacha mwanya. Ukawaambia, "Huu mlango ni wa Machi." Ulikuwa unapima upana ambao ubao bado haujaupata, mpaka mvua iuvimbishe. Milango ya wenzako ilibana kila masika, yako haikubana. Halafu mimi nikakuambia huwezi kuelewa.

Wiki iliyopita niliwafundisha kidato cha nne kwa mfano wa mlango wako na kipande cha boksi. Walielewa kabla ya kengele. Nilipomsimulia baba Tumaini, akasema, "Kumbe mzee alikuwa anatuzidi, na sisi tunacheka." Nilivimba kichwa kwa ajili yako.

Na wewe una tangu na una mpaka. Ule mpaka bado unaniuma. Lakini miaka iliyo katikati haifutiki. Ipo mahali pake, nawe umo, una vumbi la mbao kwenye nyusi. Ni mimi tu nisiyeweza kurudi huko, maana kwa kipimo hiki sote tunatembea upande mmoja.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kwamba atakayeniuliza jambo, awe mama wa sokoni au mtoto wa darasa la tatu, sitamwambia kwamba hawezi kulielewa. Nitatafuta maneno mpaka niyapate.

Swali lako lilikuwa zuri. Lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa chuoni.

Binti yako,
Neema