Cheti Kinasema Kumi na Sita, Suruali Inasema Kumi na Minane

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kabla hujaniuliza mimi ni nani nakwambia kabisa: nina miaka sabini na mitatu, ingawa kitambulisho kinasema sabini na mmoja kwa sababu karani wa siku ile aliniangalia meno akakisia, na katika miaka hiyo nimemzika mke wangu wa kwanza, nimewazika wenye nyumba wawili waliotaka kunitoa kwenye chumba changu cha kushonea, nimewaona walimu wakuu watano wakistaafu na kiwanda cha kitambaa kikifungwa, na cherehani yangu ni ile ile. Niliishia darasa la tatu lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na uzi natunga bila miwani.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Hakuna mtoto mtaa huu ambaye sijampima kiuno. Mtoto akiingia mlangoni tu nakwambia umri wake kabla hajasalimia, na sijakosea, labda mara moja.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu wa pili tumeachana mwaka jana, nisikuchoshe, yeye alisema mimi mbishi na mimi nikasema si kweli, tukabishana hapo hapo mpaka kwa hakimu. Tuna watoto watatu, mvulana na wasichana wawili, wote wako kwa mama yao. Hakimu akatoa amri ya matunzo, nayo imeandikwa kwa umri, kila mtoto na mstari wake, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Yule mdogo wa miaka minne fungu lake ni kubwa kuliko la dada yake wa kumi na mmoja. Mshauri, gauni la mtoto wa miaka minne ni mita moja na robo na kitambaa kinabaki, huyu wa kumi na mmoja anakula mita mbili na nusu na pindo la kushusha juu yake, sasa mdogo anamzidije mkubwa? Nikamwuliza hakimu hivyo hivyo. Akasema, "Mzee, hapa hatushoni." Watu wakacheka. Halafu akaniambia fungu la mdogo litashuka akianza shule, la huyu wa kati litapanda akiingia sekondari, na la mvulana litakoma akitimiza miaka kumi na minane. Moja linashuka, moja linapanda, moja linakatika, mimi nikabaki nahesabu vidole.

La mvulana ndilo limenivuruga zaidi. Kwa cheti cha kuzaliwa ana miaka kumi na sita. Kwa kweli ana kumi na minane na miezi mitatu, najua kwa sababu alizaliwa wiki ile shule ya jirani ilipobadilisha sare kutoka kahawia kwenda buluu, nilikuwa na kaptula mia mbili mezani mkunga alipokuja kuniita. Alipokuwa mdogo aliugua mguu, akalazwa, akapasuliwa, akajifunza kutembea upya, na tulipompeleka darasa la kwanza alikuwa na miaka tisa, mwalimu akasema umri umepita. Cheti hakuwa nacho bado. Basi nikaenda kumwandikisha, nikamrudisha nyuma miaka miwili na kidogo, na fundi mwenzangu wa chumba cha pili, tunamwita Kifungo, ndiye aliyenijazia fomu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Na alipoanza kuongoza darasani nilijisifu kwa watu, tazameni katoto kadogo kanavyowapita wakubwa, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Sasa hakimu aliponiuliza, "Kijana ana miaka mingapi?" mimi nikauliza, "Ya cheti?" Akavua miwani. "Kwani kuna mingine?" Mama yake akanikazia macho. Nikasema hapana, mheshimiwa.

Baadaye kwenye ngazi nikamwambia yule mama, wewe unajua fika huyu ameshafika kumi na minane. Akasema, "Baba watoto, aliyemrudisha nyuma ni wewe. Mngoje hapo hapo afike."

Juzi kijana amekuja kupimwa suruali ya shule. Suruali hiyo nimeishona mara mbili na mara mbili mguu mmoja umetoka mfupi, vitambaa vya siku hizi vinanywea. Akanichukulia sindano mkononi akanitungia uzi, ujana wa kujionyesha tu. Halafu akasema, "Baba, hivi mimi nina miaka mingapi? Nimemuuliza mama, kaniambia nikuulize wewe." Nikamwambia simama wima. Akasimama. "Baba, nimekuuliza." Nikamwambia ukiongea tumbo linacheza, kipimo kinakosea. Akavaa viatu akaondoka, nami nilikuwa sijafika hata magotini.

Mwakani anafanya mtihani wa kumaliza, na fomu zake zina umri wa cheti. Mama yake anasema nikikigusa kile cheti mtihani unaharibika, lakini yeye husema mengi. Sasa niambie, mahakama inahesabu umri upi, wa karatasi au wa mtu? Nikirudi nikasema kijana ni mkubwa, mstari wake unafutwa? Na yeye nimjibu nini?

Na usidhani natunga. Kuna mkunga aliyempokea, yu hai na akili zake timamu. Kuna Kifungo aliyejaza fomu. Na kuna mama yake, ambaye siku ile, nakiri, alikuwepo kuliko mimi.

Fundi wa Sare

*

Shikamoo, mzee wangu. Heshima nimeshatoa, sasa kaa nikuseme.

Hakimu hapimi watoto kwa mita. Anauliza mtoto wa umri huu anahitaji nini. Wa miaka minne haachwi peke yake, mama yake akienda kazini lazima apate mtu wa kumwangalia, ndiyo maana fungu lake ni zito. Akianza shule mzigo huo unapungua. Dada yake akiingia sekondari wake unaongezeka. Mkubwa anatarajiwa kuanza kujitegemea. Hayo yote mama yao angekueleza kwa dakika tano, ungemwachia nafasi ya kuongea.

Kuhusu kijana: mahakama inahesabu umri ulioletwa mbele yake, na aliyeuleta ni wewe. Ukaulizwa kama kuna mwingine, ukakana. Ukirudi leo kusema ulidanganya, hakimu hatauangalia mstari, atakuangalia wewe. Cheti kina utaratibu wake wa kurekebishwa, na kikibadilishwa ovyo karatasi zake za mtihani hazitalingana nacho. Tena mahakama nyingi hazimkatii matunzo ghafla kijana aliye bado shuleni, hata akifika kumi na minane. Kwa hiyo unaweza kumharibia mtihani na matunzo yakaendelea vile vile. Mama yake amesema kweli hapa. Meza tu.

Lakini mzee, barua yako nimeisoma kwa mwandiko wako. Kuanzia ukurasa wa pili mistari imepandana, neno juu ya neno. Suruali mguu mfupi mara mbili, na mtoto anakutungia uzi. Hakuna kitambaa kinachonywea mguu mmoja. Macho yanakuacha, na nadhani kazi imepungua, na badala ya kusema hivyo unataka kumrudishia kijana miaka uliyomnyang'anya, kwa sababu sasa ina faida kwako.

Ukweli wa kupeleka mahakamani ni huo wa macho. Kipato kikishuka, unaweza kuomba amri iangaliwe upya, na si aibu. Wiki hii nenda hospitali wakupime, wakupe karatasi. Ichukue hiyo pamoja na daftari lako la vipimo, la mwaka juzi na la mwaka huu, kazi ilivyopungua ionekane, upite ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya kumwona hakimu. Na suala la cheti waeleze wao, lote, bila kupunguza mwezi hata mmoja, wakwambie lirekebishwe lini na vipi ili mtihani usiguswe. Usiende peke yako. Nenda na Kifungo, mwandiko wake unasomeka.

Kabla ya hayo yote, mwite kijana. Umenitajia mashahidi watatu, nami sikuwahitaji. Anayewahitaji ni yeye. Wakae naye chumbani kwako, na wewe ndiye uanze: wiki ya kahawia na buluu, kaptula mia mbili mezani, mguu uliomlaza, mwalimu aliyesema umri umepita. Mtajie siku aliyozaliwa.

Kisha vaa miwani, ummalizie kipimo.