Pengo la Nane

Mjukuu wangu Zainabu, marahaba. Sisi wazima, ila bibi yako ananinyima chumvi.

Unasema katika hesabu zako za chuo, ukizunguka mpakani mwa eneo, jibu linakuambia ndani mna sifuri nane, yaani mahali nane ambapo hesabu inatoa sifuri. Ukiingia kuzitafuta unazipata saba, na sasa unataka kuacha chuo.

Nilipomposa bibi yako, baba yake alinituma nihesabu mapengo ya mikorosho iliyokufa shambani kwake Mkunya. Nikasimama katikati, peupe, nikahesabu.

"Saba, mzee."

Yeye alikuwa amezunguka mpakani tu, akichungulia kila mstari.

"Nane. Hebu niambie, mkwe, ulisimama wapi?"

Mimi huyo, nilisimama kwenye la nane!

Mke nilipewa hivyo hivyo. Kabla hujafunga madaftari, tazama kwanza ulipokanyaga.

Babu yako, ambaye mpaka leo bibi humwita Saba.