Jangwa la Barafu

Bibi,

Shikamoo kutoka Tabora mjini. Jua la huku ni kali, na leo mimi ni mkali kulishinda.

Kwenye mashindano ya shule nilieleza kwamba Antaktika ni jangwa, kwa kuwa theluji inayoanguka huko ni kidogo mno. Mwamuzi akacheka. "Jangwa la barafu? Na ngamia wake wamevaa makoti, binti?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikapiga goti kama ulivyonifundisha, nikasema, "Asante, mwalimu," nikakaa. Adabu hiyo bado imenikwama kooni!

Jibu nilikuwa nalo, Bibi. Ni kihenge chako. Ulipotia mahindi kidogo kidogo bila kuyachota, kilijaa. Theluji ya kule nayo ni kidogo, lakini haiyeyuki, hivyo imelundikana tangu kale mpaka ikawa barafu nene kama milima.

Kesho, kabla mshindi hajatajwa, kila mmoja atatetea hoja yake. Nitamwamkia yule mwamuzi, nitapiga goti, kisha nitasimama wima nimweleze kihenge.

Niwekee matobolwa, vile viazi vitamu vyako vya kukausha, nitakuletea asali. Niombee ushindi, ila usiniombee upole.

Mjukuu wako,
Kabula