Kopo Lililofika Manyoni

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwagilia mchicha, nimepanga nguo. Kesho Dodoma. Damu ilinirudia nikiwa na miaka sitini na saba. Nilijua si kawaida. Saratani, ndani ya mfuko wa uzazi. Imewahiwa, nadhani. Wifi Esta, dada wa marehemu mume wangu, amekuja kutoka Mkalama kunisindikiza. Siogopi sana.

Alhamisi, 6 Juni
Nilifanyiwa upasuaji jana. Tumbo halikupasuliwa. Matundu manne tu, madogo. Hujaza tumbo gesi, huingiza kamera na vyuma vyembamba, daktari hukata huku akitazama skrini. Mfuko ukatolewa kwa njia ile ile waliyopita wanangu sita. Leo nimetembea hadi msalani.

Wifi ameyakagua matundu. "Hapa wamekuchanja tu. Mfuko wenyewe uko wapi?"

Nikamweleza: umo kwenye kopo la dawa. Maabara wataukata vipande, waone ugonjwa umefika wapi. Ndipo ijulikane kama nahitaji mionzi. Akanifunika shuka. Nikadhani ameelewa.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nesi alimpa Wifi kopo alipeleke maabara, jengo la pili. Saa sita maabara hawajaliona. Nikampigia Wifi simu. Yuko Manyoni, ndani ya basi, kopo kikapuni. Makondo ya wanangu yote yalizikwa nyumbani, anasema. Mfuko hauwezi kutupwa ugenini.

Nilikasirika. Miaka thelathini nimefundisha baiolojia, na somo hili nililiacha katikati. Nikatulia.

"Wifi, ukiuzika huo, daktari atanitibu kwa kubahatisha."

"Sasa mbona hukusema hivyo jana, wewe na vipande vyako?"

Akashuka, akapanda basi la kurudi. Saa kumi na moja maabara wamelipokea. Dawa ile huzuia nyama kuoza, hakuna kilichoharibika.

Jumamosi, 15 Juni
Nyumbani, Mandewa. Kusubiri tu. Wifi hajarudi kwake. Habari za kopo hatuzigusi.

Jumanne, 25 Juni
Majibu. Ugonjwa haujafika nusu ya unene wa ukuta wa mfuko. Tezi za karibu, walizotoa pamoja nao, ni safi. Hakuna mionzi, kliniki tu.

Nimemsomea Wifi karatasi yote, polepole. Ameuliza maswali mawili, yote mazuri. Kisha ameninyang'anya ndoo: daktari alisema wiki sita bila kubeba kitu kizito, na yeye alimsikia.

Sasa anachambua mlenda. Mimi nimekaa.