Zawadi Iliyotolewa Nje

Boulogne, 31 Agosti 1961

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unakula. Mimi mzima wa mwili tu.

Nimeharibu, Bibi. Jumatatu nilipofika, mama yake rafiki yangu Bernadette alinikumbatia, akanionyesha chumba cha juu, akasema mwezi wa kumi nikianza chuo cha uuguzi kitakuwa changu. Kisha nikampa kikapu chako. Alipofunua akaona wale sungura wawili, aliketi, damu imemwisha usoni. Akakitoa mtaani, akanawa mikono.

Mumewe yuko baharini na meli ya uvuvi. Nyumba za wavuvi hapa sungura haingizwi, hata jina lake halitajwi mume akiwa majini. Wanasema meli itazama. Bernadette alisahau kunionya. Meli ilitarajiwa jana, na haijafika. Mama hasemi nami tena.

Nirudi nyumbani? Nikikosa kitanda hiki, chuo nacho basi.

Mjukuu wako,
Odile

Fruges, 2 Septemba

Odile wangu,

Marahaba. Goti linauma, ninakula, hayo yatosha. Lucienne wa posta anaandika ninavyosema, na nimemkataza kunipambia maneno.

Kwanza nilikasirika. Sungura niliowalisha kwa mkono wangu miezi minne, wanawekwa mtaani kama taka. Nikasema huyo mama ana wazimu. Lucienne akanitazama, akauliza, "Na wewe na mkate wako je?"

Ni kweli. Mwaka 1916 babu yako alipokuwa vitani, aliyegeuza mkate chini juu mezani kwangu nilimpiga mwiko, maana kwetu husemwa huita kifo. Babu yako hakurudi, na mpaka leo najiuliza nani aliugeuza nisione.

Basi sikiliza. Usirudi. Usimwambie ni ushirikina. Anajua, na haimsaidii. Usiombe msamaha kutwa nzima kama mbuzi anayelia, utazidi kumkumbusha. Amka kabla yake, washa jiko, menya viazi. Akienda gatini kungoja, nenda naye, ufunge mdomo. Anayemngoja mume hahitaji mwalimu. Anahitaji mtu wa kusimama upande upepo unakotoka.

Bibi yako

Boulogne, 9 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole na goti. Huku sote wazima, na safari hii nasema kweli.

Nilifanya ulivyosema. Bernadette alikuwa kazini kiwandani, kwa hiyo gatini tulisimama mama yake na mimi, siku nne. Siku ya kwanza alinipa mgongo. Ya tatu alinifunika nusu ya shali yake. Jana asubuhi meli iliingia ikivutwa na nyingine; mashine iliwafia kaskazini. Wote salama. Mumewe aliposhuka akauliza mimi ni nani.

"Wa kwetu huyu," mama akamjibu. "Amenisaidia kungoja."

Chumba ni changu, Bibi. Lakini sasa ninayesita ni mimi. Nani atakuwashia moto? Sema neno moja tu, nitakuja.

Mjukuu wako,
Odile

Fruges, 12 Septemba

Odile wangu,

Marahaba. Neno moja kwangu hulipati, unanijua nilivyo na mdomo.

Moto nauwasha mwenyewe tangu kabla mama yako, Mungu amrehemu, hajazaliwa. Usinifanye kisingizio. Barua yako nimeililia, Lucienne naye akalia, hata hatukujua nani amnyamazishe mwenzake.

Mashuka ya kitanda chako nimeyavua, nimeyafua, nimeyakunja. Si kwamba sikutaki, mtoto wewe. Nikiyaacha yametandikwa, kila jioni nitatega sikio mlangoni, na kungoja nimekwisha kungoja kwa maisha mawili. Nataka nikiulizwa "Odile yuko wapi?" nijibu papo hapo: yuko Boulogne, anajifunza kutibu watu, analala kwa mwanamke mwenye moyo.

Noeli uje. Uje naye, nimwone anayeogopa kama mimi. Mashuka nitayatandika asubuhi hiyo, si siku moja kabla.

Bibi yako