Siku Moja Kwenye Geti la Harsgill

Otley, Yorkshire
Novemba 12

Mpendwa kaka Clive,

Salaam nyingi zikufikie huko Adelaide, wewe na wifi Noreen na watoto. Natumaini hamjambo na jua halijawakausha. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua haijakatika tangu Jumanne, na goti langu linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Una dada mmoja tu duniani, lionee huruma goti lake. Baba anakula vizuri. Jumapili alimaliza nyama yake, akamaliza na yangu, akaulizia mchuzi. Ukiniuliza habari za mwili wake, ni mzima. Tabu ni kwamba wewe umeniuliza habari za kichwa.

Ulisema kwenye simu unataka jibu fupi, ndiyo au hapana, kwa sababu ile nyumba ya kutunzia wazee wametushikia chumba mpaka Ijumaa. Kaka, asiyekuwepo na lake halipo. Ni rahisi kudai ndiyo na hapana ukiwa ufukweni na miwani ya jua. Mimi ninayempelekea chai nimechanganyikiwa. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Basi vumilia, nikueleze mambo kama yalivyokwenda.

Reli yake ya vitreni vya mfano unaijua, imekimeza chumba chako cha zamani cha juu hadi mlangoni. Unajua pia kwamba mle ndani ni kiangazi cha mwaka sitini na mbili, na Baba hakubali mzaha na mwaka wake. Kila injini, kila behewa, kila taa lazima iwe kama ilivyokuwa kwenye reli ya kweli ya Harsgill kiangazi kile. Utakumbuka alivyomrudisha rafiki yake Trevor kwao na kibasi chake, eti basi la namna ile liliingia barabarani sitini na nne.

Sasa mwezi Machi, tulipokuwa hatujamaliza hata kugawa nguo za marehemu Mama, nilipanda na chai nikaikuta ile injini yake ya shaba, ile ndefu kama dhiraa aliyoilehemu kipande kwa kipande wakati sisi tuko shule, imelazwa kwenye beseni la kufulia. Rangi inabambuka kama ngozi ya mzungu aliyelala ufukweni, yaani wewe. Nikapiga kelele. Nilidhani ameshika chupa siyo. Akaniambia niangalie chai isimwagike, na kwamba dawa ya kutoa rangi aliijua kabla mimi sijaota meno.

Nikasema labda injini ilikuwa na kasoro. Haikuwa nayo. Baada ya hiyo ikafuata nyingine, na nyingine. Vile vibandiko vya alama ya radi, vya kuwaonya watu wa injini wasipande juu penye nyaya za umeme, kila kimoja kama punje ya mchele, akawa anavibandua kwa ncha ya wembe. Yule simba wa nembo ya reli anayechomoza kwenye taji ubavuni mwa injini akamfuta, akamweka simba wa zamani, yule aliyelipanda gurudumu kama baiskeli. Halafu mabehewa ya makaa, aliyoyachafua kwa miaka kwa rangi ya masizi na kutu mpaka ukiyagusa unatazama vidole, akayapeleka kwenye sinki akayasugua kwa mswaki. Mswaki wangu, Clive! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema yalikuwa yamezeeka mno.

Trevor, ambaye sasa ndiye katibu wa chama chao cha reli za mfano, akaja na uso wa msibani. Alisimama mbele ya beseni akavua kofia, nakuapia. Kisha akanivuta jikoni, akaninong'oneza kwamba mzee anapotea, kwamba reli nusu mwaka huu na nusu mwaka ule haiwezi kupelekwa kwenye maonyesho ya Pasaka, na kwamba wenzake chamani wameanza kusema. Kumbe Baba yuko kwenye ngazi anasikia. Akamwambia Trevor kama amemaliza kulia aende zake, na kibasi chake bado ni cha sitini na nne.

Muuguzi wa kupima kumbukumbu naye akaja. Baba akamtajia siku, mwezi, waziri mkuu na bei ya maziwa. Alipoulizwa tuko mwaka gani, akafikiri kidogo, naye akamuuliza muuguzi anataka mwaka wa hapa chini au wa kule juu. Mimi nilicheka. Muuguzi hakucheka. Hapo ndipo nilipokupigia simu, na wewe ukaanza kutafuta chumba, na sikulaumu.

Lililonitoa roho ni behewa lako. Lile la mapipa mawili ya kubebea saruji, uliloliunda ukiwa na miaka kumi na miwili kwa vipande vya bomba la sinki, lenye ngazi iliyokaa kombo. Halijawahi kutoka kwenye treni ile tangu siku ulipolimaliza, hata ulipohama nchi halikutoka. Jumapili nikalikuta kwenye kopo la biskuti, limefungwa kwa kitambaa. Hasira zikanipanda kwa niaba yako. Nikamuuliza Baba, mtoto wa watu amekukosea nini? Akasema taratibu tu kwamba mabehewa ya aina ile yalitoka mwaka sitini, na sasa kule juu ni kiangazi cha hamsini na sita. Nikamwambia hakuna binadamu atakayejua. Akasema yeye atajua.

Basi nikafyatuka. Nikamwambia yote, la nyumba ya wazee, la chumba, la Ijumaa. Nikamwambia mtu anayebomoa kazi ya maisha yake kwa mswaki wa mwanawe hawezi kuachwa peke yake na moto wa kulehemu. Nilitegemea anifukuze.

Hakunifukuza. Alivuta droo akatoa kiberiti cha zamani, akakifungua mbele yangu. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na kitoto cha kike kisichofika urefu wa kiungo cha kidole gumba. Gauni la manjano, soksi moja imeporomoka, mkono mmoja juu. Alikuwa amekichonga mwenyewe. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni Judith. Nikamuuliza Judith gani. Akasema Judith wetu.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Kabla yako na kabla yangu, Baba alipokuwa mtia makaa kwenye injini za Harsgill na Mama mlinzi wa geti pale reli inapokata barabara, walikuwa na mtoto. Kila treni ya Baba ikipita, alipanda ubao wa chini wa geti akapunga mkono, na Baba akapiga filimbi hata dereva akimgombeza. Kiangazi cha hamsini na sita kilipita. Majira ya baridi yaliyofuata akashikwa na homa ya uti wa mgongo, hakufika miaka mitano. Mama alimwomba Baba jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba, la sivyo hataweza kuinuka asubuhi. Baba akaahidi. Akaitunza ahadi mpaka tulipomzika Mama.

Tulikuwa na dada. Nimeiandika sentensi hiyo na bado naiangalia kama imeandikwa na mtu mwingine.

Nilikaa kwenye kile kiti chako cha shule nikalia, sijui namlilia nani, maana mtu sikumjua. Unamliliaje mtu usiyemjua? Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikamuuliza kwa nini asingemsimamisha tu pale getini, akaziacha injini zake salama. Nani angemuuliza? Akanitazama kama nimesema upuuzi. Akasema mwaka sitini na mbili Judith angekuwa na miaka kumi, na hakuwahi kuwa na miaka kumi. Hayupo mwaka ule. Ndiyo sababu aliuchagua tangu mwanzo, mwaka ambao geti lilikuwa tupu na yeye ameshazoea kutolitazama. Sasa Mama amepumzika, anataka kulitazama. Akimweka mtoto kwenye mwaka usio wake atakuwa amemdanganya, kwa hiyo reli nzima lazima irudi alipo.

Sasa niambie wewe mwenye ndiyo na hapana. Huo ni wazimu? Mzee wa umri ule kubandua radi moja moja, kufuta simba mmoja mmoja, ili mtoto mmoja apate mahali pa kusimama? Tangu Jumapili nalizungusha kichwani. Kuna saa nasema ndiyo, amepotea. Kuna saa nasema sisi ndio tuliopotea, yeye ndiye mtu pekee nyumbani humu aliyejua siku zote tuko wangapi. Sielewi, Clive. Lakini Jumatatu niliwapigia simu wale watu nikawaambia chumba wampe mwingine. Ukikasirika, kasirika, nauli ya ndege unayo. Jioni hiyo nilishika wembe nikaanza kubandua radi upande wangu wa meza, na Baba akanisema kwamba nakwaruza.

Jana tulimsimamisha Judith getini. Tone la gundi, na Baba akamshikilia wima mpaka likakauka. Nikashuka kuweka maji ya chai. Niliporudi treni ya mizigo ilikuwa imesimama mbele ya geti, na mwisho wake, sawasawa mbele ya Judith, lilikuwepo behewa lako na ngazi yake ya kombo.

Nikamwambia Baba, hilo ni kosa. Behewa la sitini ndani ya hamsini na sita. Akasema anajua. Akasema Trevor akiuliza kwenye maonyesho, aambiwe mzee anajua. Kisha akakaa pale akiwatazama wote wawili, Judith na wewe, mpaka chai yake ikapoa, na mimi sikumharakisha.

Ile methali ya asiyekuwepo niliyokutupia juu hapo, naomba uifute.

Msalimie sana wifi Noreen. Wabusu watoto, na uwaambie wana shangazi mwingine. Ukiweza, Pasaka njoo, hata kwa siku chache, ulione geti. Baba anakusalimu na anasema ile ngazi ungeweza kuirekebisha.

Ni mimi, dada yako wa pili,
Hilary